Gari Kuukuu la Kiboko: Namna ya Kulinunua na Kuliuza kwa Haki

Anayenunua gari la zamani ili alitunze ananunua vitu viwili: bodi na karatasi. Injini iliyokwama hufunguliwa ikafufuka, viti hushonwa upya, kabureta huoshwa. Lakini bati lililoliwa na kutu laweza kumeza pesa kuliko bei ya gari lenyewe, na gari lisilo na logibuku, yaani kitabu cha usajili, haliwezi kuhamishiwa jina lako hata lingeng'aa namna gani. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Husikiliza injini kwanza, na ikinguruma tu, pesa zinatoka.

Kiboko ni mahali pazuri pa kujifunza biashara hii. Iko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kama kilomita 160 kutoka Nairobi, kabla hujafika Makindu. Ni nchi kavu, yenye mvua chache na jua kali. Gari lililoegeshwa Mombasa kwa miaka mingi hupulizwa na chumvi ya bahari mpaka milango ikatoboka. Pacha wake aliyekaa chini ya mgunga katika boma la Kiboko anaweza kuwa bado na sakafu nzima.

Magari haya hayaongezeki. Sheria za Kenya haziruhusu mtu kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu liundwe. Kwa hiyo Peugeot 404, Peugeot 504, Volkswagen Beetle na Land Rover za Series zilizobaki vijijini ndizo hizo tulizonazo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Na 504 nyingi za hapa Kenya ziliunganishwa Mombasa, zikabeba abiria wa matatu kizazi kizima. Kila moja inayokatwa na kupimwa kwa kilo kama chuma chakavu, haina ya kuziba pengo lake.

Anza na karatasi

Kabla ya kufungua boneti, omba kuona logibuku. Linganisha mambo matatu: namba ya chesisi iliyo kwenye kitabu, iliyo kwenye kibati cha kiwandani, na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Fanya hivyo pia kwa namba ya injini, ukijua kwamba injini nyingi zilibadilishwa zamani. Hilo si kosa, ila mabadiliko yawe yamesajiliwa. Kisha tafuta rekodi ya gari katika mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Rekodi isipoonekana, mwenye gari ndiye anayepaswa kwenda kuinyoosha, na wewe usitoe hata senti ya arubuni kabla hajamaliza.

Hapa Kiboko, na Ukambani kwa jumla, tatizo kubwa zaidi ni gari la marehemu. Mzee alilinunua akiwa na kazi mjini, akastaafu nalo, akafariki, na sasa kijana mmoja anataka kuliuza. Sheria ya Urithi inamkataza mtu asiye na mamlaka kuuza mali ya marehemu, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Omba kuketi na mama mwenye boma na watoto wote. Familia ichukue barua ya chifu na cheti cha kifo, iende mahakamani, Makindu kwa mfano, kuomba hati ya kusimamia mirathi. Kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi 6. Subiri. Mnunuzi asiyeweza kusubiri miezi sita kwa ajili ya gari la miaka hamsini hana haja nalo kwa kweli.

Kagua bodi kwa mikono

Nenda asubuhi, gari likiwa limepoa na mwanga ukija kwa pembeni. Mawimbi ya bati lililonyooshwa vibaya huonekana vizuri zaidi wakati huo. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi na turubai la kulalia. Pitisha sumaku chini ya milango, kuzunguka taa na juu ya matairi. Inaposhindwa kushika, rangi hiyo imefunika puti. Land Rover usiipime hivyo, maana bodi yake ni ya aluminiamu na sumaku haishiki hata ikiwa nzima. Ugonjwa wake uko kwenye chesisi ya chuma, hasa sehemu ya nyuma. Kwenye Beetle, inua kiti cha nyuma utazame chini ya betri, kwani asidi hula sakafu pale.

Usidanganyike na ukavu. Vumbi jekundu la Kiboko huingia ndani ya vizingiti vya milango na kutulia humo. Mvua ya Novemba ikinyesha, vumbi hilo hushika maji na kutu huanza kwa ndani huku nje kukiwa safi. Gonga vizingiti kwa kitako cha bisibisi. Sauti nzito iliyokufa ni dalili ya udongo au puti. Jua nalo lina hesabu yake: dashibodi hupasuka, mipira ya vioo hukauka ikavunjika kama mkaa, nyaya hupoteza ngozi. Panya na mchwa hupenda viti. Andika kila kitu unachokiona, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayoamua bei.

Usiwashe injini kwa pupa

Muuzaji akileta betri na kusema "tuijaribu", mwombe asubiri. Injini iliyolala miaka mingi ikizungushwa kwa nguvu inaweza kukwaruza silinda. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache ilale hivyo hadi kesho yake, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka, toa oili chafu na utie mpya. Usitumie petroli iliyo tangini; imegeuka gundi. Tumia kidumu kidogo chenye petroli mpya.

Jua pia kwamba Kenya iliacha petroli yenye risasi karibu miaka 20 iliyopita. Baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali, kwa hiyo muulize fundi kama kichwa cha injini kilishafanyiwa kazi. Na gari likiwaka, usiliendeshe kwenda Nairobi. Mipira ya breki imeoza na matairi yamekufa hata kama yana meno. Kodi bredidauni.

Piga hesabu kuanzia mwisho

Magari haya hayana bei ya kitabu. Anza na bei ambayo gari kama hilo huuzwa likiwa limetengenezwa, kisha rudi nyuma. Tuseme 504 iliyokamilika inauzwa shilingi 900,000. Bodi na rangi 250,000, injini 150,000, viti na matairi 120,000, usafiri na karatasi 60,000, jumla 580,000. Ongeza asilimia 20 ya mambo yasiyotazamiwa, yaani 116,000, ufike 696,000. Kinachobaki, 204,000, ndicho unachoweza kulipa bila hasara.

Mwonyeshe muuzaji hesabu hiyo. Usimwambie gari lake ni takataka ilhali moyoni unalitamani. Ukikuta kitu cha thamani ambacho yeye hakijui, kama vile vifaa halisi vya mashindano ya Safari, mwambie. Habari husafiri upesi kati ya Emali na Makindu, na anayemlalia mzee mmoja hufungiwa malango ya maboma mengine yote.

Kama wewe ndiye muuzaji

Usilipake rangi. Rangi mpya humtia mnunuzi mwenye ujuzi wasiwasi kwamba unaficha kutu, na rangi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kuliko mpya ya bei nafuu. Usiruhusu jirani achukue taa wala bampa, kwa sababu vipande vidogo ndivyo vigumu kupatikana hata kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi. Kusanya vyote katika sanduku moja pamoja na funguo, risiti, stika za bima na picha za zamani. Ukidai kwamba gari lilishiriki mashindano, picha na karatasi ndizo shahidi wako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pata bei kutoka kwa watu watatu angalau, na mmoja wao awe mtunza magari, si dalali. Watunzaji hukutana katika Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kila mwaka. Mtoto wako aliyeko mjini anaweza kwenda kuulizia.

Siku ya kukabidhiana

Andikeni mkataba wenye namba ya chesisi, hali ya gari, bei na tarehe, mashahidi wa pande zote mbili wakitia sahihi. Lipa kupitia benki. Muuzaji aanzishe uhamisho katika akaunti yake ya eCitizen mkiwa bado mmeketi pamoja, na mnunuzi aukubali papo hapo. Mkiahirisha, muuzaji atabaki akijibu makosa ya gari ambalo si lake tena.

Mwisho, mnunuzi aombe simulizi: lilinunuliwa wapi, nani aliliendesha, fundi gani aligusa nini. Iandike, mwenyewe aisome na kutia sahihi, kisha iweke pamoja na logibuku. Siku utakapoliuza wewe, mkabidhi mnunuzi faili lote.