SOMO LA STIMA: SOKETI YA NYUMBANI NA USALAMA WAKE



Mashamba ya makazi yalipoanza kugawanywa katika miaka ya 1960, nyumba nyingi ziliangazwa kwa taa ya mafuta. Taa ile ilipoharibika ilijulikana mara moja, kwa kuwa moshi ulijaa chumbani. Mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulianza mwaka 1973, na tangu mwaka 2015 mpango mwingine umeunganisha nyumba nyingi zilizo karibu na transfoma. Stima ni mtumishi mwema, lakini haionekani, na ikiharibika yaweza kuendelea kuwasha taa kama kawaida huku hatari imekaa kimya ukutani.

Somo la mwezi huu ni la soketi, maana hapo ndipo mkono wa mtu na stima hukutana kila siku. Hatutakufundisha kufungua soketi. Hiyo ni kazi ya fundi. Tunataka ujue kuitazama, kuitumia vizuri, na kutambua siku ya kumwita fundi.

1. MATUNDU MATATU

Soketi zetu zina matundu 3, na plagi zake zina miguu 3. Kanuni za plagi ya namna hii zilitolewa Uingereza mwaka 1947. Ukiitazama soketi iliyowekwa sawasawa, tundu la chini upande wa kulia ni la waya wa moto, unaoleta stima. La kushoto ni la waya wa kurudisha stima. La juu ni la waya wa ardhi. Katika waya wa kifaa, kama vile pasi, rangi ya kahawia ni ya moto, buluu ni ya kurudisha, na kijani chenye mistari ya manjano ni ya ardhi. Katika kuta za nyumba nyingi za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani.

Fikiri juu ya mfereji wa kumwagilia shamba. Maji huingia kwa mlango mmoja, hufanya kazi, kisha hutoka kwa mlango mwingine. Lakini mkulima mwenye akili huchimba pia mtaro wa kando, ili siku ukingo ukipasuka maji yasiingie nyumbani. Waya wa ardhi ni kama mtaro huo. Siku zote hauna kazi. Lakini waya wa moto ukichubuka ndani ya pasi na kugusa chuma chake, stima hukimbilia waya wa ardhi, na fyuzi hukatika au swichi hujizima. Kama waya wa ardhi haupo, pasi hukaa na stima yake ikingojea mkono. Atakayeigusa ndiye atakayekuwa mtaro.

Basi usikate mguu wa ardhi wa plagi, wala usimruhusu fundi kuuacha waya huu ili kupunguza gharama. Tazama pia nje ya nyumba pale waya wa ardhi unapoingia udongoni. Hapo huwa pana fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Jembe laweza kuukata waya huo, na wezi waweza kuung'oa kwa ajili ya shaba. Jambo la kuogopa ni kwamba ukikatika, taa zitaendelea kuwaka na redio itaendelea kuimba. Hutajua mpaka siku mtu atakaposhikwa. Ukiuona umekatika usiuguse. Zima swichi kubwa, umwite fundi.

2. KALAMU NDANI YA SOKETI

Ndani ya soketi nzuri kuna vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Mguu mrefu wa ardhi ndio ufunguo wake: ukiingia juu, vifuniko hufunguka. Vifuniko hivi viliwekwa kwa ajili ya watoto.

Chaji ya simu yenye miguu 2 haina ufunguo huo, na kwa hiyo watu wengi husukuma kalamu katika tundu la juu ili kufungua yale ya chini. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mingi, tena nimesomea ualimu. Jioni moja nilimkuta binti yangu wa miaka 4 amechuchumaa mbele ya soketi. Kalamu yangu ilikuwa katika tundu la juu, na mkononi alishika pini ya nywele, ncha yake imekwisha kuingia katika tundu la kulia. Aliniambia, "Baba, nafungua kama wewe." Swichi ya soketi ilikuwa imezimwa. Hilo tu ndilo lililomponya.

Siku hizi mimi hutumia adapta nzuri ya miguu 3 kwa chaji ya miguu 2, na swichi ya kila soketi isiyotumika huzimwa. Bei ya adapta ni ndogo. Mtoto haangalii tunayosema, huangalia tunayofanya.

3. FYUZI HAIKULINDI WEWE

Wengi hudhani kwamba fyuzi ndani ya plagi humlinda mtu. Sivyo. Fyuzi hulinda waya usichomeke. Fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13, nayo sehemu moja ya kumi ya ampea 1 ikipita kifuani yaweza kumwua mtu mzima. Fyuzi haitahisi lolote.

Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhi, pamoja na swichi ya usalama iwekwayo karibu na swichi kubwa. Swichi hii hupima stima inayotoka na ile inayorudi. Ikiona kwamba sehemu 30 kwa elfu za ampea 1 zimepotea njiani, hujizima upesi sana, kabla ya sekunde 1 kwisha. Utaitambua kwa kitufe chake kidogo chenye herufi T. Bonyeza kitufe hicho mara kwa mara. Nyumbani kwangu hufanywa kila tarehe 1 ya mwezi. Isipojizima imekufa, na fundi aibadilishe. Kama huna swichi hii, ni afadhali uinunue kabla ya televisheni. Lakini kumbuka kwamba hata hiyo haiwezi kumwokoa mtu aliyeshika waya wa moto na wa kurudisha kwa pamoja.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu, kisha weka nyingine ya kiasi kile kile: ampea 3 kwa redio, taa ya meza na vifaa vidogo; ampea 13 kwa pasi na birika. Kuzungushia fyuzi karatasi ya sigara au waya ni kualika moto nyumbani.

4. MZIGO KUPITA KIASI

Nyumba nyingine zina soketi 1 au 2 tu, na ekstensheni moja hubeba kila kitu. Tufanye hesabu. Stima ya nyumba zetu ni ya voliti 240. Zidisha kwa ampea 13 za plagi, utapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa mzigo wa soketi moja.

Sasa chukua birika ya wati 2,200 na pasi ya wati 1,200. Jumla yake ni wati 3,400. Vyote viwili vikiwa katika ekstensheni moja mzigo umekwisha kupita, hata kabla ya kuongeza televisheni. Tena ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba ambao hauwezi kubeba hata wati 3,120. Mzigo ukizidi waya hupata moto, plastiki hulainika, na pazia au kochi laweza kuwaka usiku watu wamelala.

Kwa hiyo chemsha maji kwanza, kisha piga pasi. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine. Ikiwa ni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifungue yote kabla ya kazi nzito, maana waya uliojikunja hauwezi kutoa joto lake. Usiupitishe waya chini ya mkeka. Na mashine ya kukata majani ya ng'ombe iwekewe waya wake na fundi. Isichukue stima yake dirishani kutoka sebuleni.

5. MAJI NA ZIZI

Mkono mkavu una kinga kidogo. Mkono wenye maji hauna. Usiguse plagi ukitoka kufua au kukamua. Bafuni pasiwe na soketi. Soketi ya zizini au ya pampu iwe ya namna ya kuwekwa nje, yenye kifuniko kisichopitisha maji, iwe juu mbali na kwato na mkojo wa ng'ombe, na iwe chini ya ulinzi wa swichi ya usalama.

Ng'ombe hudhurika kwa stima ndogo ambayo mtu mwenye viatu vya mpira hataihisi. Ikiwa ng'ombe anakataa kuingia mahali pa kukamulia alipozoea, au anarukaruka akigusa bomba la maji, usimpige. Zima stima kwanza. Huenda mnyama anakuambia kwamba waya wa ardhi una kasoro.

6. UKAGUZI WA KILA MWEZI

Kwa macho, pua na nyuma ya mkono, bila kufungua kitu chochote, kagua haya:

(a) Soketi yenye ufa, iliyolegea ukutani, au yenye alama nyeusi.
(b) Plagi yenye joto kali baada ya kazi, au harufu ya plastiki inayoungua.
(c) Mlio wa cheche ndani ya soketi.
(d) Waya uliochubuka, au uliofungwa kwa karatasi ya nailoni.
(e) Plagi ya pasi au birika ambayo mguu wake wa ardhi ni wa plastiki au umevikwa plastiki. Hiyo si halali, usiinunue.

Ukiona mojawapo, acha kutumia, zima swichi kubwa, umwite fundi. Fundi mwenyewe awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), iliyowekwa kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe leseni yake.

7. MTU AKISHIKWA NA STIMA

Usimshike. Kimbia uzime swichi kubwa. Kama haifikiki, simama juu ya ubao mkavu na umsukume aachane na waya kwa mti mkavu. Hii ni kwa stima ya nyumbani tu. Ukiona waya wa nguzo umeanguka, kaa mbali na uwazuie watu. Kama mtu mzima hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua chake, ubonyeze kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada kwa nambari 999 au 112. Usiache kubonyeza mpaka apumue au msaada ufike. Hata akiamka na kusema ni mzima, apelekwe hospitali, maana moyo waweza kusumbuka baadaye. Na moto wa stima usiuzime kwa maji. Zima swichi kubwa, utumie mchanga mkavu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Waya wa ardhi una kazi gani, na kwa nini taa huwaka hata ukikatika?
2. Birika ya wati 2,000 na jiko la wati 1,500 vyaweza kutumia soketi moja kwa pamoja? Onyesha hesabu.
3. Kwa nini fyuzi haitoshi kumlinda mtu?
4. Soketi ngapi za nyumba yako zina ufa, na fimbo ya ardhi iko wapi?

Majibu ya maswali 3 ya kwanza yamo katika somo hili. Jibu la swali la 4 limo nyumbani kwako. Nenda ukalitafute leo kabla ya giza kuingia, na uende na watoto wako ili wajifunze. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa soketi hauchelewi.