Unataka Kusema Hadharani Arusha? Jua Haki Yako na Mpaka Wake

Barabara ya mtaa wenu haipitiki, nawe unataka kumsema diwani kwenye grupu la WhatsApp. Je, unaruhusiwa? Ndiyo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na huhitaji kibali cha yeyote. Huku Meru kusema si jambo geni: Wameru walipoondolewa kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki mwaka 1951, mwakilishi wao Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka uliofuata.

Kinachowaponza wengi ni simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza habari unayojua ni ya uongo au inapotosha, kwa nia ya kumchafua, kumtukana au kumtisha mtu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2016 mahakama hapa Arusha ilimhukumu mkazi mmoja miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno aliyoandika Facebook kuhusu Rais Magufuli. Kwangu mimi adhabu hiyo ni kubwa mno kwa maneno matupu, lakini sheria bado ipo. Na usijitetee kwamba “nilifowadi tu”. Kusambaza nako kunahesabiwa.

Basi uandikeje? Usiandike “diwani ni mwizi” kama huna ushahidi. Andika: “Tuliahidiwa barabara kwenye mkutano wa mtaa, hadi leo haijachongwa. Mheshimiwa, fedha zimeishia wapi?” Weka picha na tarehe, kisha uhifadhi nakala. Ukishtakiwa kwa kashfa, yaani kumharibia mtu jina, ukweli wenye manufaa kwa umma ni utetezi wako.

Mkiamua kufanya mkutano wa hadhara, mpelekeeni mkuu wa polisi wa wilaya barua angalau saa 48 kabla, mkitaja mahali, saa na madhumuni. Hiyo ni taarifa, wala si ombi. Andikeni nakala mbili, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Polisi wakikuita, nenda na ndugu au wakili. Uliza unatuhumiwa kosa gani, na usisaini maelezo ambayo hujayasoma. Ukikamatwa, kwa kawaida unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hujapewa dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi: ukidaiwa hata senti, omba risiti uone.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu wasio na uwezo. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Jiji au Meru, ukaulize watoa msaada waliosajiliwa. Huduma yao ni bure.

Haki yako ikivunjwa, unaweza kufungua shauri Mahakama Kuu. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iko hapa hapa mjini. Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Huko usichelewe: una miezi miwili tu tangu jambo litokee, au tangu ulipolijua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pia iko Arusha, ila Tanzania ilijiondoa mwaka 2019 katika tamko lililowaruhusu wananchi kuiendea moja kwa moja, kwa hiyo usipoteze nauli.