Usiruke Fila: Somo la Hinata kwa Mwalimu Mtarajiwa

Wanachuo wenzangu, ukitaja fila bwenini utaambiwa, "Ruka hiyo, usimalize bando." Hata mimi nilikuwa naruka. Leo naomba niitetee.

Kwanza tuelewane. Anime ya Naruto ilianza kurushwa Japani mwaka 2002, huku Masashi Kishimoto akiwa bado anaendelea kuchora katuni yake aliyoianza 1999. Runinga ikawa inakimbia kuliko mchoraji. Ili wasimpite, watayarishaji wakatunga visa vyao vya kujazia. Ndiyo maana kati ya episodi 220 za mwanzo, kuanzia ya 136 karibu zote ni fila.

Sasa tazama faida yake. Kwenye kisa kikuu uwanja ni wa Naruto na Sasuke. Hinata, binti mwenye aibu, anabaki pembeni. Lakini episodi ya 148 hadi 151, yeye na wenzake wanatumwa kutafuta mdudu hodari wa kunusa. Usiku anajifua peke yake kwenye maporomoko ya maji. Naruto anamwona, wala hamtambui. Nyuki wa adui wanapowavamia, Hinata ndiye anayewakinga wenzake kwa mbinu aliyojifunza mwenyewe. Uwezo alikuwa nao, alichokosa ni nafasi.

Hapo nikakumbuka mazoezi yangu ya kufundisha huku nyumbani, Turwa, Tarime. Kidato cha pili, Jiografia, nakimbizana na silabasi. Maswali yote niliwapa wale watano wanaojiamini kwa Kiingereza. Siku moja nikaingia kujazia kipindi cha mwalimu ambaye hakuwepo. Sina andalio, nikauliza tu kwa Kiswahili: mvua inaharibuje mashamba kwenu? Binti wa dawati la nyuma, ambaye kwa wiki tano sikuwahi kusikia sauti yake, akaja ubaoni, akachora mteremko, akaonesha udongo unavyosombwa na kwa nini kwao wanalima matuta ya kukinga maji. Darasa kimya. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namruka.

Sisemi kila fila ni tamu. Nyingine zinaboa kweli. Na mtihani nao haumsubiri mtu. Lakini sisi tunaokwenda kushika chaki, tutenge japo dakika kumi kwa wiki zisizo na mbio za silabasi. Kila darasa lina anayejifua gizani. Tusipompa kipindi chake, tutamaliza mada zote bila kumjua.