Mazao ya Mzinga Yaliyofunikwa na Asali

Mwulize mwanafunzi wa Kiswahili zao la mzinga, naye atajibu bila kusita: asali. Methali zimemzoesha hivyo. Fuata nyuki ule asali, mchovya asali hachovyi mara moja. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba utamu huo umeyafunika mazao mengine pamoja na msamiati wake.

Tuanze na kitenzi. Asali hurinwa. Neno hili limo kamusini, lakini vinywani mwa wengi limeipisha “kuvuna”. Kinachorinwa ni masega, na sega lina vyumba: vya asali, vya chavua na vya majana, yaani watoto wa nyuki (jana hili si siku iliyopita!). Mrinaji asiyetofautisha vyumba hivyo akayakamua yote pamoja hupata asali inayochacha upesi, na kundi hupoteza kizazi chake.

Matumizi ya asali yanajulikana: chakula, dawa ya kikohozi na vidonda, pombe ya muratina. Miongoni mwa Waogieki wa msitu wa Mau, asali huingia hata katika mahari. Hata hivyo, mtoto asiyetimiza miezi 12 asilambishwe asali, kwani huweza kubeba vijimbegu vya bakteria vinavyozalisha sumu tumboni mwake.

Zao linalodharauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni nta. Nyuki vibarua huitoa katika tezi zilizo chini ya fumbatio, na kadirio linalotajwa sana ni kwamba hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo 1 ya nta. Ajabu ni kwamba warinaji wengi wakishakamua asali huyatupa masega! Ilhali nta hutengeneza mishumaa na mafuta ya kujipaka, hung’arisha mbao, huimarisha uzi wa mshona viatu, na huzuia rangi isipenye kitambaa cha batiki. Mfugaji mwenyewe huipaka ndani ya mzinga mtupu ili harufu yake iwavute nyuki. Aina ya mzinga nayo ina athari: katika mzinga wa Langstroth, uliopata hataza Marekani mwaka 1852, masega hurudishwa baada ya kukamuliwa, hivyo nta ni haba, katika mzinga wa Kenya wenye vibao vya juu, sega hukatwa lote, na nta huwa nyingi.

Sumu ya nyuki hutumiwa kutibu watu ambao miili yao huidhika vikali wanapodungwa, chini ya uangalizi wa daktari. Gundi ya nyuki ni utomvu wa miti unaozibia nyufa za mzinga. Watu huitia katika dawa za koo na za meno. Kuhusu chakula cha malkia, baadhi yetu hung’ang’ania jina la Kiingereza bila sababu. Wafugaji husema “maziwa ya nyuki”, istilahi inayofaa kabisa, kwani vibarua wachanga huyatoa katika tezi za kichwani na kuwalisha majana.