Anakaba vizuri, ila hafungi

SWALI: Kijana wangu wa miaka 17 anacheza kikapu. Kukaba anakaba kwelikweli, lakini kufunga ni shida, na kocha wake ameanza kumchoka. Nimwambie aache?

JIBU: Asiache, mama. Kijana anayependa kukaba ni adimu, na moyo huo ni mgumu kufundisha kuliko kufunga. Mtazame Kawhi Leonard, mchezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Alipoanza na San Antonio Spurs msimu wa 2011/12 alijulikana kwa kuwabana wafungaji wa wapinzani. Yeye mwenyewe alifunga wastani wa pointi 7.9 tu kwa mchezo. Kocha wa urushaji, Chip Engelland, akakaa naye, akamshushia kidogo mkono pale anapouachia mpira. Misimu mitano baadaye wastani ulifika 25.5. Na ukabaji hakuutupa: 2015 na 2016 alichaguliwa mlinzi bora wa NBA.

Kwa hiyo baada ya mazoezi mwanao abaki arushe akiwa karibu na kikapu, mkono ukizoea ndipo arudi nyuma hatua kwa hatua. Kocha naye mwombe jambo moja: asimtoe uwanjani kwa sababu tu amekosa. Mchezaji anayetolewa kila akikosa mwishowe haurushi mpira kabisa, hata akiwa peke yake chini ya kikapu.