AFYA NA USALAMA: Umeangalia orodha ya jamaa yako?



Usiku mmoja mwenzetu alileta mtoto wa miezi saba kwenye dispansari. Alikuwa anahara, macho yameingia ndani. Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari mara moja. Lakini ilipohitajika kumpeleka hospitali, jina lake halikuwa kwenye orodha. Baba akasema: «Mimi sikubadilisha kitu.» Kumbe jamaa ndiyo iliyobadilika! Mtoto alipona, lakini baba alikopa pesa kwanza.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri kumtunza mtumishi na jamaa yake wakiugua, hata kama ugonjwa haukutoka kazini. Mimba na kuzaa pia. Ni haki yako. Lakini biro haiwezi kumjua mtoto asiyeandikwa.

Kabla mwaka haujaisha, keti na bibi yako, mjiulize:

1. Nani amezaliwa, ameolewa au amefariki?
2. Karatasi ya kuzaliwa imetoka komini?
3. Majina ni yaleyale kwenye karatasi zote?

Kama hakuna kilichobadilika, umepoteza dakika kumi tu. Hapa Kalemie kipindupindu hakingojei biro ifunguliwe.