Kilimo cha Bustani kwa Mwenye Ulemavu: Bustani Imfuate Mkulima



Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Wapo waliozaliwa na ulemavu, na wapo walioupata ukubwani kwa kiharusi, kisukari, ajali ya pikipiki, au uzee unaokaza magoti na kiuno. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Jambo hili, basi, si la nyumba ya jirani peke yake.

Katika Wilaya yetu ya Muleba, kama ilivyo Bukoba, nyumba huzungukwa na kibanja. Humo mna migomba, mibuni, maharage na magimbi. Kibanja ni ghala la chakula, na pia ni heshima ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu asiyeweza tena kuinama au kupita kati ya migomba hupoteza mambo mawili kwa pamoja: mboga ya jioni, na sauti yake katika mambo ya shamba. Baada ya muda huanza kusikika maneno haya: "Hawezi kulima, shamba ni la nini kwake?" Somo hili linalijibu swali hilo, na msingi wake ni mmoja: mkulima asipoweza kuifuata bustani, bustani imfuate mkulima.

1. Anza karibu na mlango

Bustani iwe karibu na mlango wa jikoni na chombo cha kukingia maji ya mvua, mahali penye jua la kutosha. Njia ya kufikia bustani iwe na upana usiopungua sentimita 90, ili kitimwendo au mtu mwenye magongo apite bila kukwama. Ishindiliwe changarawe, kwa kuwa udongo wetu huteleza sana wakati wa masika. Penye mwinuko, kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12 au zaidi. Mwinuko mkali kuliko huo humchosha anayesukuma na ni hatari kwa anayeteremka.

2. Bustani ya gunia

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na gharama yake ni ndogo.

- Changanya sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za samadi iliyooza vizuri na sehemu 1 ya mchanga.
- Simamisha gunia mahali patakapokuwa pake pa kudumu, kwa sababu likijaa halihamishiki.
- Weka katikati debe lisilo na kitako wala mfuniko. Lijaze mawe madogo, kisha jaza udongo pembeni yake.
- Vuta debe juu, uyaache mawe mahali pake, na urudie mpaka nguzo ya mawe ifike karibu na mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ndiyo itakayoshusha maji hadi chini.
- Toboa matundu pembeni mwa gunia, kila moja likiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa jingine, na upande miche ya sukuma wiki, spinachi au mchicha. Juu panafaa vitunguu vya majani.

Kwa mtu anayelima akiwa ameketi, kunja mdomo wa gunia ili kimo kisizidi sentimita 70. Maji yaliyooshea mboga na nafaka yasimwagwe, bali yamiminwe juu ya mawe.

3. Tuta lililoinuliwa na meza ya mboga

Tuta hujengwa kwa mawe, matofali au mbao, likajazwa udongo na samadi. Mtu aliyeketi hufikia kwa urahisi umbali wa sentimita 60 mbele yake. Kwa hiyo tuta linalofikiwa kwa upande mmoja lisizidi upana huo, na linalofikiwa pande zote mbili lisizidi sentimita 120.

Mtumiaji wa kitimwendo huhitaji meza: sanduku la mbao lenye udongo, lililowekwa juu ya miguu imara, likiwa na nafasi ya magoti ya takriban sentimita 70 chini yake. Sanduku litobolewe chini ili maji yasituame.

Ipo pia bustani ya duara yenye mlango mwembamba unaoingia hadi katikati, mfano wa tundu la funguo. Katikati huwekwa kapu la mabaki ya jikoni na majivu, ambalo hurutubisha udongo kila linapomwagiwa maji. Bustani za namna hii zilienezwa nchini Lesotho katika miaka ya 1990, na zikawafaa hasa wazee na wagonjwa wasioweza kwenda mbali wala kuinama.

4. Zana zimfae mtumiaji

Jembe la mpini mfupi na mwepesi humfaa aliyeketi. Mpini mrefu humfaa asiyeweza kuinama. Mwenye mkono usioshika vizuri azungushie mpini vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili unenepe na usiteleze. Anayetumia mkono mmoja anaweza kufungiwa mpini kwenye kigasha kwa mkanda wa kitambaa. Maji yabebwe katika kopo dogo mara nyingi, si ndoo kubwa mara moja.

5. Kila hali ina tahadhari yake

*Wasioona na wenye uoni hafifu:* kingo za tuta ziwe za mawe au matofali yanayopapasika. Kamba yenye mafundo ioneshe mstari na nafasi ya mche. Kila tuta liwe na zao moja, na mchaichai upandwe mwanzoni mwa njia ili harufu yake iwe alama.

*Wenye ualbino:* kazi ifanyike kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, kwa kofia pana na nguo za mikono mirefu.

*Wenye ganzi mikononi au miguuni, wakiwemo wenye kisukari na waliowahi kuugua ukoma:* wavae viatu vilivyofunikwa na glavu, na wakague ngozi yao kila jioni. Kidonda kisichouma ndicho kinachochelewa kutibiwa.

6. Migomba isiachwe

Mwenye ulemavu anaweza pia kushiriki kuilinda migomba dhidi ya mnyauko wa bakteria. Wataalamu huelekeza ua dume liondolewe kwa mti mrefu wenye panda, bila kutumia panga, mara baada ya chana la mwisho kutokea. Kazi hiyo haihitaji kuinama wala kupanda. Panga lililotumika lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

7. Haki na huduma

Ndugu na majirani wanaombwa kusaidia kazi nzito: kujaza gunia, kujenga tuta, kuleta nyasi za matandazo kutoka rweya. Lakini kusaidiwa si kunyang'anywa. Nini kipandwe, lini kivunwe na kiuzwe kwa nani, aamue mwenye bustani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Anayeambiwa aachie kibanja kwa kuwa "hawezi kulima" afike kwa Mtendaji wa Kijiji ili aelekezwe kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi.

Aidha, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kilimo cha mboga ni miongoni mwa shughuli zinazoweza kuombewa mkopo. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata hueleza masharti na namna ya kuomba; Afisa Ugani hushauri juu ya mbegu, samadi na wadudu.

Zoezi la msimu huu

Kabla ya mvua za vuli kuanza, kila kaya yenye mtu mwenye ulemavu au mzee iandae gunia moja. Aketishwe kwanza mwenyewe, apimwe mkono wake unafika wapi, ndipo gunia lijazwe kwa kimo hicho. Baada ya wiki chache ataweza kuchuma mboga ya jioni kwa mkono wake mwenyewe. Atakayeuliza tena shamba ni la nini kwake, ajibiwe kwa chakula kilicho mezani.